Jua la Saa Nne

Ndunge hakupenda kupigwa picha, na hakupenda mahindi mabichi. Hayo mawili yalitosha kumgombanisha na soko zima la Kanyangi. Ukimletea mahindi ambayo hayajakauka, alikuwa akitia mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, anatoa punje moja, anaiuma, halafu anakuambia uyarudishe nyumbani ukayaanike siku mbili zaidi. Hakubembelezi wala hajali wewe ni mke wa nani. Mahindi mabichi huziba chekeche, chekeche ikiziba mashine inakohoa, na yeye alikuwa akiisikia ikikohoa kabla Kimeu, mwenye mashine, hajajua kama kuna shida. Macho yake yalikuwa mabovu tangu azaliwe. Mashine ya posho aliiendesha kwa masikio na vidole, miaka kumi na tisa.

Alikuwa mdogo wangu kwa miaka minne, baba mmoja, mama mmoja. Mimi ni mweusi kama sufuria ya kupikia kwa kuni. Ndunge alizaliwa na ualbino. Haya, nimesema. Ni neno moja tu na halijanivunja mdomo. Nilishindwa kulisema siku moja, mahali pamoja, na dada yangu akafa. Watu wa hapa wakija kunipa pole wananiambia ni mapenzi ya Mungu. Nawaitikia kwa sababu wamekuja na sukari, lakini Mungu hakutumwa Kitui kuchukua majibu ya damu. Aliyetumwa ni mimi, Kasiva.

Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, alikuwa na sheria moja ambayo hakuwa na mchezo nayo. Ngozi ya Ndunge haizungumzwi. Nyumbani haizungumzwi, kanisani haizungumzwi, kwa wageni ndiyo kabisa. Mtu akiuliza, unasema huyu ni dada yangu, basi, unafunga mdomo. Nilipokuwa na miaka tisa nilimweleza mgeni mmoja kwa nini Ndunge anafumba macho akiwa nje, na mwaitu alinichapa kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika. Ukumbuke ni mwanamke aliyekuwa akiokota mawe barabarani kuwatupia watoto waliomwita Ndunge majina. Majina yenyewe siyarudii. Alimfunga leso mpaka kwenye kope, akamsukia kofia ya ukindu, na maji ya mtoni walikwenda kuteka alfajiri, wao wawili, kabla jua halijapanda. Mimi nilichukulia sheria ile kuwa ni mapenzi. Bado ningetaka kuichukulia hivyo.

Shule haikumweza. Alikaa dawati la mbele na bado ubao ulikuwa ukungu, akawa anaandika anachosikia, na mwalimu akawa anamchapa kwa kuandika kisichokuwa ubaoni. Aliachia darasa la saba. Alikaa nyumbani akipepeta ndengu na kusuka kamba hadi Kimeu alipotafuta mtu wa kuaminika wa kuendesha mashine. Watu wakamcheka Kimeu, ati amemwajiri mtu asiyeona mizani. Ndunge aliweka uso kwenye mizani mpaka pua ikagusa chuma, akasoma, akataja kilo, na hakuna siku aliyokosea hata gorogoro moja, lile kopo la kilo mbili. Wale waliocheka wakaanza kupanga foleni.

Alipenda mle ndani. Chumba cha mabati, giza kidogo, kelele ya kukuziba masikio, na unga juu ya kila kitu. Wanawake waliingia weusi wakatoka wametapakaa unga kwenye nywele, nyusi na mikono, naye akawa anawatania kwamba wamekuja kumwigiza na hawajaweza. Aliingia kabla jua halijatoka na akatoka limeshazama. Hakuolewa. Mwanaume mmoja aliwahi kumtaka na akabadilisha nia alipoona watu wanamtazama barabarani, na Ndunge alinisimulia hayo akicheka, nami nikacheka naye kwa sababu sikujua la kufanya.

Mwaitu alikufa mwaka wa elfu mbili na kumi na saba. Miaka minne baadaye miguu ya Ndunge ikaanza kumsumbua. Mara nyonga, mara mifupa ya muundi, mara mgongo, maumivu ya ndani kabisa ambayo ukikanda huyafikii. Kulikuwa na kipandio cha mawe anachosimamia kumwaga mahindi kwenye mdomo wa mashine, na nilimwona akikikamata kwa mikono miwili kama bibi wa miaka themanini, naye alikuwa na arobaini na moja. Nilimwambia ni uzee. Akaniambia uzee uanzie kwangu.

Februari ya mwaka uliofuata kanisa lilileta madaktari, kambi ya siku moja kwenye uwanja wa shule ya msingi, kwa ajili ya akina mama wenye maumivu ya mifupa. Ndunge alifika pale saa kumi na mbili asubuhi, amejifunga leso kichwani na mikononi. Foleni ilikuwa ya kutisha. Msichana mmoja, mwanafunzi wa unesi, alimtoa damu chini ya hema, akaandika jina, umri na namba ya simu, akasema majibu yatachukuliwa baada ya wiki mbili katika kliniki moja mjini Kitui. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika mtu yuko vipi. Waliosoma majibu baadaye walikuwa na jina, namba na umri, hawakuwa na kingine.

Siku ya majibu nikaenda mimi. Ndunge hangeacha mashine, na kusimama stendi mchana kusubiri gari kilikuwa kitu alichokiepuka maisha yake yote. Tena mimi nilikuwa na safari yangu mjini. Binti yangu Cheryl alikuwa amepata mchumba chuoni Machakos, kijana anaitwa Kim, watu wa Murang'a waliohamia Emali zamani na wana duka la vifaa vya ujenzi pale barabara ya Mombasa. Mama yake Kim, Wacuka, alikuwa amekuja Kitui kununua asali na ndengu, na tulikuwa tukutane tupange siku ya kuleta mbuzi wa ntheo, wale mbuzi watatu ambao bila wao kwetu binti hahesabiwi ameolewa. Wacuka ni mwanamke mpole, amevaa vizuri, anaongea polepole. Nilikuwa namwogopa. Nilikuwa nimepaka hata rangi ya kucha.

Nitasema jambo la aibu sasa ili nisilikimbie. Tangu uchumba uanze, miezi minane, sikuwa nimemwambia Wacuka habari za Ndunge. Nilisema nina dada, anafanya kazi ya posho, basi. Nilijiambia ni sheria ya mwaitu. Ukweli ni kwamba niliogopa watu wa Kim watasema kitu kile kiko kwenye damu yetu na Cheryl atawazalia. Nimesikia uchumba ukivunjika kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Nilimpenda dada yangu, na nilitaka mbuzi wale wafike.

Tulikutana, tukanywa chai, nikamwambia niko na haraka kidogo, naenda kuchukua majibu ya dada. Wacuka akasema atanisindikiza. Ningemkataliaje. Kliniki ilikuwa chumba kimoja kirefu, daktari yuko nyuma ya pazia, na benchi la kusubiria limesukumwa mpaka likaligusa pazia lenyewe. Nilipoitwa, Wacuka alibaki kwenye benchi. Kati yetu kulikuwa na kitambaa.

Daktari alikuwa kijana, mchangamfu, amechoka. Akatafuta karatasi, akasema dada yako hana ugonjwa mbaya, ana upungufu wa vitamini D, kipimo chake ni tisa na mtu anatakiwa apite ishirini. Akanieleza kwamba vitamini hiyo mwili huitengeneza wenyewe ngozi ikipigwa na jua, na ndiyo huipa mifupa nguvu. Akacheka kidogo. Mtu wa Kitui kukosa jua, alisema, hii ni mpya. Akauliza kama ni Mwislamu wa kujifunika. Nikasema hapana, anashinda ndani ya mashine ya posho, giza kwa giza. Akatikisa kichwa, ameelewa. Halafu akaniuliza, "Ni dada yako wa tumbo moja?"

Nikasema ndiyo.

Alinitazama uso, akatazama mikono yangu juu ya meza. Akasema ngozi nyeusi kama yetu ni ngumu kupenya, inahitaji jua zaidi ya Wazungu, kwa hiyo akae juani saa nzima kila siku, kuanzia saa nne hivi, mikono, miguu na uso viwe wazi, asijifunge leso. Vidonge vipo, alisema, lakini vya nini kununua na jua mnalo bure. Nilisikia pale aliposema kama yetu. Nisije nikadanganya kwamba sikusikia. Mdomo ulifunguka, nikasikia Wacuka akikohoa upande wa pili wa pazia, nikaufunga. Nikasema asante daktari.

Tukatoka. Wacuka akaniuliza kama dada ni mzima, nikasema ni mifupa tu, ameambiwa aote jua. Akasema afadhali. Tukaenda kutafuta asali.

Jioni nilimpelekea Ndunge karatasi. Aliisogeza kwenye pua akasoma ile tisa. Nikamwambia maneno ya daktari, yote. Alipangusa unga kwenye kope. Kisha akauliza, "Umemwambia niko vipi?"

"Nimemwambia," nikasema.

"Na bado akasema nikae juani?"

"Ndivyo alivyosema. Jua la saa nne. Sasa wewe unajua kuliko daktari?"

Nilimjibu kwa ukali, kama mtu aliyeonewa. Ndiyo tabia yangu. Nikijua nimekosa, sauti inapanda. Ndunge alinijua kwa hilo kuliko mtu yeyote na sielewi kwa nini siku ile hakunishika. Nafikiri alitaka iwe kweli. Mtu amekatazwa kitu miaka arobaini, halafu siku moja aambiwe ndicho dawa.

Kesho yake alimwomba Kimeu amshikie mashine kwa muda wa saa moja, akatoka nyuma ya kibanda, akageuza mtungi wa plastiki wa maji, akaukalia. Akafungua leso. Nilikuwa nimepita kumwona na nakuambia sijawahi kumwona dada yangu vile. Alinyoosha miguu, akakunja sketi mpaka magotini, akainua uso juu macho yamefumbwa, akatabasamu peke yake. Aliniambia jua lina uzito, kama mtu amekuwekea mkono. Nikamwambia unaona, si nilikuambia. Nilikuwa nafurahi naye, na nilikuwa naogopa, vyote viwili.

Alifanya hivyo kila siku, isipokuwa Jumapili na siku za mvua, na mvua yenyewe mnajua ilivyokuwa mwaka ule. Ngozi iliungua wiki ya kwanza. Iliwaka nyekundu, ikatoa malengelenge mabegani, ikabambuka. Akapaka mafuta ya kukamulia ng'ombe akaendelea, akasema dawa chungu ndiyo dawa. Mara mbili nilisema labda upunguze, na mara mbili aliniuliza kama daktari alisema apunguze. Ningemjibu nini? Kupunguza kungetaka nifungue lile nililofunga. Na jambo la kunimaliza kabisa ni kwamba miguu ilipona. Kufikia Juni alikuwa anapanda kipandio bila kushika ukuta. Alimsifu daktari yule kwa kila mteja. Nikaanza kujiambia kwamba labda sikukosea chochote, labda mwaitu ndiye aliyezidisha woga.

Mbuzi waliletwa Aprili. Siku hiyo nilimwambia Ndunge kwamba Kimeu amesafiri na mashine haina mtu, na kwamba watu wa ntheo wakila ugali wa unga wa dukani itakuwa aibu yetu sote. Akasema sawa. Alitusagia debe mbili, akatuma mtoto wa jirani azilete. Cheryl aliniuliza mama mdogo yuko wapi, nikamjibu yuko kazini, na Cheryl hakuongea nami tena mpaka jioni. Aliondoka kwenda Emali na Kim. Arusi ya kanisani waliiweka kiporo, kama wengi wanavyofanya.

Kidonda kilianza mbele ya sikio la kulia, mwezi wa tisa mwaka uliofuata. Pale palikuwa na ukavu wa siku nyingi, magamba magamba ambayo alikuwa nayo tangu usichana. Sasa pakawa na kijivimbe, kikatoka damu alipojifuta unga, kikapona juu, kikafunguka tena. Tulipaka vyote vya kupaka. Krismasi ilipofika kilikuwa kimekula ukingo wa sikio na kinanuka, na Ndunge alikuwa akikaa upande wa mbali na wateja. Juani alikuwa ameshaacha kwenda kwa sababu mwanga ulimchoma kidondani. Hospitali ya Kitui ikatuandikia barua ya kwenda Nairobi.

Daktari wa Nairobi alikuwa mwanamke wa makamo, mikono yake baridi, hana maneno mengi. Walikata kipande wakapima. Saratani ya ngozi, na ilikuwa imeshashuka kwenye tezi za shingo. Kabla ya kupanga upasuaji alikaa na karatasi zake akawa anauliza historia. Utotoni ulijikinga vipi? Ndunge akamweleza leso, kofia, alfajiri. Ukubwani je? Akamweleza mashine. Daktari akasema basi umejitunza kuliko wengi, na Ndunge, ambaye alikuwa anaona fahari, akasema isipokuwa ule mwaka mmoja na nusu aliopewa jua kama dawa.

Daktari akaweka kalamu chini. "Nani alikupa jua?"

"Daktari wa Kitui. Kwa mifupa."

"Alikuona?"

"Dada yangu alimweleza," Ndunge akasema, akageuka upande wangu, ule upande wenye jicho lisilofungwa bendeji.

Nilitazama dirisha. Daktari alitutazama mmoja mmoja, halafu akasema kwa sauti ya kawaida kwamba mtu mwenye ualbino akikosa vitamini D hupewa vidonge, vidonge vidogo, hata hapa dukani viko. Nilimfuata kwenye korido nikamwuliza kama ni jua lile. Alisema hakuna anayeweza kujua, kidonda cha namna hii hujengeka miaka mingi, pengine mbegu ilikuwepo tangu akiwa mtoto. Akasema lile jua halikusaidia. Alikuwa ananihurumia, na nilijichukia kwa jinsi nilivyoipokea ile huruma haraka.

Walimkata sikio na nyama ya shavuni, wakamchoma kwa mionzi wiki sita. Tukarudi Kanyangi nikamlaza kwangu, chumba cha Cheryl. Shingo ikaanza kuvimba upya kabla kovu halijakauka.

Cheryl akawaambia wakwe kwamba mama mdogo anaumwa, na kwa desturi mkwe mgonjwa hutazamwa. Nilipiga simu Emali nikasema msijisumbue, barabara ni mbaya. Walijisumbua. Wacuka alikuja na wanawake wawili wa kanisa lake, unga, sukari na kanga mbili. Nilisimama mlangoni kama askari, nikizungumza habari za mvua, mpaka ikawa sina la kusema na ikabidi niwapishe.

Wacuka aliingia, akamwona. Hakushtuka hata kidogo. Aliketi kitandani, akamshika mkono, akaugeuzageuza akitazama ngozi kama mtu anayeijua, akamwuliza alikuwa anapaka krimu gani ya jua na ni nani aliyekuwa anamletea. Ndunge akasema hajawahi kupaka.  Aliomba naye, akamfunika, akaniita nje.

Tulisimama kando ya tangi la maji. Akaniambia kwamba kaka yake, Wahome, ana binti kama Ndunge, anaitwa Rahab, yuko chuo kikuu mwaka wa pili. Akasema yeye mwenyewe ndiye aliyemlea Rahab miaka sita, anajua kofia, anajua krimu, anajua vidonge na hata saa za kutoka nje. Alikuwa analia, lakini sauti yake haikupanda. "Mama Cheryl, siku ile nilikuwa kwenye benchi. Nilisikia daktari akisema akae juani. Ungesema neno moja, ningeingia pale ndani kwa pazia."

 Akaongeza kwamba hata wangejua habari za Ndunge, kwa Cheryl wangekuja tu, kwani wao ni nani wa kumkataa mtu. Kisha wakaondoka, na nikabaki pale karibu na tangi mpaka nikasikia Ndunge akiita maji.

Siku nne nilizunguka na jambo hilo. Nilijiambia anakufa, mwache afe kwa amani. Nilijiambia kumweleza ni kujipunguzia mzigo mimi. Labda ni kweli. Lakini yeye alikuwa bado anamtaja daktari wa Kitui kila siku, sasa akimlaani, usiku na mchana, jinsi mtu mwenye elimu anavyoweza kuambiwa kila kitu na bado akamchoma mtu jua. Kijana wa watu hakuwa amefanya kosa hilo. Siku ya tano, saa nane mchana, nilikaa kwenye kigoda nikamwambia. Nilimwambia swali la tumbo moja, na jinsi alivyotazama mikono yangu, na kwamba nilisema ndiyo nikaishia hapo. Nilimwambia kwamba jioni ile nilimdanganya.

Alisikiliza macho yamefumbwa. Nikamalizia kwa kusema, "Si unajua mwaitu alivyotukataza."

 Alikuwa anapumua kwa shida, uvimbe umembana. Halafu akauliza swali moja ambalo sikulitarajia. "Nani alikuwa karibu?"

Ningeweza kusema hakuna. Nilisema, "Mama Kim."

"Ndiyo maana siku ya mbuzi nikabaki kwenye mashine."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimeshonesha nguo," akasema. "Ya kitenge. Nilifikiri Kimeu alisafiri kweli."

Nikaanza kulia, nikamwambia nisamehe, nikamwambia ni woga, nikasema mambo mengi. Aliniinulia mkono ninyamaze, namna alivyokuwa akiwanyamazisha wateja wanaosukumana.

"Kasiva. Kama ungeniambia unanionea haya, ningekaa mbali na watu wako. Nimekaa mbali na watu wengi, najua kukaa. Lakini ningekaa kivulini."

 Wala hakukasirika tena, wala hakumlaani mtu. Aliishi siku kumi na tisa baada ya hapo. Nilimwosha, nikamgeuza, nikamnywesha uji kwa kijiko, na kwa kila kijiko alisema asante. Nikimfunika, asante. Nikifungua pazia, asante. Tangu aanze kusema alikuwa ameniita Kasiva, hata mbele ya wageni, hata mwaitu alipomkanya kwamba mimi ni mkubwa wake. Siku zile kumi na tisa aliniita Mama Cheryl.